Sauti ya Pili ya Bibi Paskalina

Magamba, Lushoto
4 Mei 2024

Mwanangu Glory,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. Mimi sijambo, mama yako hajambo, ila goti lake ni lile lile. Vipi wewe na Arusha yenu? Kazi inakwenda? Unakula? Usinijibu kwamba unakula chipsi.

Nimeshika kalamu kwa sababu ninachotaka kukueleza kina nota ndani yake, na simu yangu hii ya vitufe haiwezi nota. Barua nampa kondakta wa basi la Arusha, kaipokee stendi.

Ni habari za bibi yako. Tangu kile kiharusi cha mwezi wa pili mkono umeanza kurudi, anashika kikombe mwenyewe. Maneno ndiyo hayajarudi, hata moja, si ya Kiswahili wala ya Kishambaa. Shangazi yako Clemence alipanda kutoka Korogwe Jumapili ya Pasaka akasema anataka kumchukua akakae kwake, chumba ameshatenga. Nikamwambia dada yangu, mama ni mtu wa mlima. Kazaliwa Mlola, kaolewa hapa Magamba, joto la Korogwe litammaliza. Tukabishana mpaka uji ukapoa. Mwisho tukakubaliana tumuulize mwenyewe. Clemence akauliza, "Mama, twende Korogwe?" Akaitikia kwa kichwa. Nikauliza mimi, "Mama, utabaki nyumbani?" Akaitikia vile vile! Siku hizi anaitikia kila kitu, hata ukimwuliza kama yeye ni askofu. Basi tumekwama. Clemence amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa saba, baada ya hapo anakuja na gari, liwe liwalo.

Sasa sikia. Kuna kitu kimoja kinachotoka kinywani mwa mama. Ni wimbo, bila maneno, anauguna tu, asubuhi na jioni, kipande kile kile. Na mimi mwalimu wa kwaya, nywele zote zimeota mvi kwenye nota, sikijui! Nimekiandika kwa herufi zetu za kwaya, d ya do, r ya re, kama nilivyokufundisha:

m m f m ? d r m

Pale kwenye alama ya kuuliza pumzi humkatika, sisikii anapita nota gani. Mwanangu, naona huu wimbo ndio jambo analotaka kutuambia. Tukiujua wimbo, tutajua anataka nini. Wewe Krismasi uliingiza nyimbo zote za kwaya kwenye kompyuta kwa ajili ya kitabu cha jubilei. Hiyo kompyuta haiwezi kututafutia?

Baba yako,
Sefania


Arusha
13 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Shikamoo tena kwa niaba ya tumbo langu, ambalo jana limekula ndizi nyama. Mimi mzima. Mwambie Mama nimemtumia dawa ya kuchua kwa basi hili hili, na Bibi mshikie mkono kwa ajili yangu.

Baba, swali lako limenifurahisha mpaka nimemsomea Alen, tunayekaa naye meza moja kazini. Kompyuta inaweza, na kifaa chenyewe nakitumia kila siku. Sisi tunakiita rejeksi. Ni hivi. Ukimtuma mtu sokoni Lushoto akamtafute Ismaili, lazima awe anamjua Ismaili. Lakini unaweza kumwambia, "Nitafutie foleni ambayo wanasimama wanawake wawili, halafu mzee mwenye kofia, halafu mwanamke, halafu mtu yeyote yule, halafu mtoto." Hajui jina la mtu hata mmoja. Anajua mpangilio tu, na mpangilio unamtosha.

Ile alama yako ya kuuliza nimeiandika kama nukta. Kwetu nukta maana yake "hapa pawe na nota yoyote, mradi iwepo moja." Kwa hiyo Bibi nimemwandika hivi: mmfm.drm. Nyimbo nazo nimezitandaza, kila mmoja ukawa mstari mmoja mrefu wa herufi, kompyuta ikapita juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Uzuri wake haisemi tu "yumo." Inakwambia amesimama wapi kwenye foleni, namba ya anapoanzia na namba ya anapoishia. Imepata mara tatu:

Wimbo wa 9, kutoka 12 hadi 20.
Wimbo wa 22, kutoka 0 hadi 8.
Wimbo wa 40, kutoka 5 hadi 13.

Mwimbie Bibi uone. Ninakufa kwa hamu ya kujua.

Mwanao,
Glory


Magamba
22 Mei 2024

Mwanangu Glory,

Hatujambo kwa neema. Dawa imefika, mama yako ananukia nyumba nzima.

Lakini hiyo kompyuta yenu, samahani, imelewa. Nimekwenda wimbo wa 9, nikahesabu kwa kidole mpaka kumi na mbili, nimeangukia katikati ya "aleluya," kwenye "lu"! Nani anaanza wimbo kwenye "lu"? Wa 40 ni hivyo hivyo. Na huo wa 22 unaoanzia sufuri ndio umenimaliza. Sufuri ni wapi, mwanangu? Kabla kwaya haijasimama? Halafu unasema kutoka sufuri hadi nane. Hizo ni nota tisa, na bibi yako ana nane.

Hata hivyo nilimwimbia zote tatu tangu mwanzo. Ya kwanza alinitazama kwa huruma. Ya pili akafumba macho. Ya tatu akageukia ukutani, na nilipomaliza akaanza kuguna kipande chake kwa nguvu, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi mzito. Nimeumia, nakwambia ukweli. Nilijiona mtoto tena.

Clemence amepiga simu. Anauliza kama nimempima mama baridi ya miguu. Nikamwambia mama ana soksi.

Baba yako,
Sefania


Arusha
1 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Nimecheka hadi Alen akasogeza kiti. Pole. Kosa ni langu, nilikutupia namba bila kukueleza zinavyohesabiwa.

Kompyuta huanza kuhesabu kwenye sufuri. Mtoto akizaliwa leo, ukiulizwa ana miaka mingapi, hutasema mmoja, sivyo? Utangoja auvuke. Nota ya kwanza haijavuka kitu, kwa hiyo ni sufuri. Na ile namba ya mwisho si ya nota ya mwisho, ni ya ile inayofuata, pale ambapo kipande kimeshakwisha. Ndiyo maana sufuri hadi nane ni nota nane kamili. Jingine ni kwamba wewe umehesabu na vistari vya kuvuta sauti, na mimi niliviondoa vyote ili foleni ibanane. Hapo ndipo ulipoangukia "lu."

Ila hayo yote si kitu, kwa sababu umeziimba kuanzia mwanzo na Bibi amezikataa. Namwamini Bibi kuliko kompyuta. Nilijaribu kulegeza, nikaruhusu nota mbili pale pumzi inapokatika, nikapata mahali kumi na saba. Nikalegeza zaidi, kila wimbo ukaitika. Ikawa sawa na kuchekecha unga kwa wavu wa kuku. Nikirudisha ile ya kwanza, ni tatu zile zile ambazo Bibi hazitaki.

Kwa hiyo ama wimbo wake haumo kwenye vitabu vyetu, ama umo na mimi natafuta vibaya. Sijui ni lipi, Baba, na nalala nalo. Bibi aliimba wapi kwingine? Huko Mlola kabla hajaolewa? Nijulishe chochote.

Mwanao,
Glory


Magamba
23 Juni 2024

Glory mwanangu!

Salamu baadaye, sisi wazima, baridi imeingia, ngoja nikwambie.

Jana mazoezini sauti ya nne walichelewa wote, walikuwa wanapakia viazi. Nikaona nisipoteze muda, nikawachukua sauti ya pili peke yao nyuma ya kanisa, wapitie wimbo wa kuingilia, ule tunaouimba kila Jumapili ya Mungu. Akapita jirani yetu Mama Shamsa na kabichi zake. Unamjua, Ijumaa yuko msikitini kwao lakini nyimbo zetu anaziimba shambani zote, ukuta wa kanisa umepakana na bustani yake. Akasimama akaniambia, "Mwalimu, hongereni, leo mmeleta wimbo mpya."

Nikasema, "Mpya gani tena, Mama Shamsa? Huu si ule wa kuingilia?"

Akasema, "Usinitanie. Ule naujua. Huu sijawahi kuusikia."

Glory! Mama yangu aliimba sauti ya pili! Maisha yake yote! Ndiye aliyekuwa akiwaongoza, mimi nikiwa bado navuliwa viatu kanisani nisipige kelele. Na mtu wa sauti ya pili hata akiwa jikoni anaosha vyombo haimbi wimbo unaoujua wewe, anaimba upande wake. Nasi watoto tulikulia humo humo, tukidhani ni vinyimbo vyake tu vya kuchochea moto. Ukimsikia peke yake hutambui, kama Mama Shamsa asivyotambua. Naomba uniambie, Krismasi uliingiza sauti ngapi?

Jibu haraka. Nikimtazama sasa hivi anaguna hapa karibu na jiko, blanketi mbili mabegani, natamani kumwambia ngoja mama, tunakuja.

Baba yako,
Sefania


Arusha
2 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Moja. Niliingiza sauti ya kwanza peke yake! Kitabu cha jubilei kilikuwa cha washarika wote, na washarika wanaimba sauti ya kwanza. Tangu mwezi wa tano natafuta mtu kwenye foleni ambayo hajawahi kusimama.

Picha za kurasa zote bado ninazo kwenye simu. Wiki nzima nimekaa naingiza sauti za pili, Alen ananisomea herufi kama mnadani. Leo nikaandika tena ile ile, mmfm.drm, sikubadilisha hata nukta. Imepata mara moja tu, Baba. Moja!

Wimbo wa 31, sauti ya pili, kutoka 16 hadi 24. Pale kwenye nukta pana r. Safari hii sikuachii uhesabu, nimeiambia kompyuta inionyeshe na maneno yaliyo chini ya nota hizo. Ni haya:

M-li-ma-ni ni-ta-ka-a

Unaujua?

Mwanao,
Glory


Magamba
9 Julai 2024

Mwanangu,

Mbarikiwe wewe na Alen wako (huyo Alen ni nani hasa?). Naujua! Ni wa marehemu mwalimu aliyenitangulia, tuliuacha kuuimba nikiwa kijana. "Mlimani nitakaa." Nimesoma mstari huo, machozi yakanitoka, nikampigia Clemence papo hapo. Nikamwambia mama ameshajibu, na amejibu kwa nota. Atakaa mlimani! Hakuna cha gari wala cha chumba. Clemence akasema, "Haya, kaka. Kama ndivyo alivyosema." Nilimsikia analia, nikamhurumia, lakini haki ni haki.

Bibi yako amepata mafua kidogo. Mama yako amemsogezea jiko la mkaa chumbani na dirisha tumeliacha wazi kidogo, usihofu.

Baba yako mwenye furaha,
Sefania


Arusha
14 Julai 2024

Shikamoo Baba,

Nitakosa adabu kidogo, unisamehe.

Kompyuta imetuambia ni wimbo gani na ni wapi ndani yake. Basi. Haijui Bibi anataka nini. Mimi nikiwa naosha nywele naimba wimbo wa harusi, je, nimeolewa? Wewe ulikwenda kutafuta "mlimani nitakaa" tangu Pasaka, na sasa umeipata, nawe huulizi tena.

Umemwimbia? Hujaandika kama umemwimbia. Usiimbe upande wake, ameshachoka kuuimba peke yake. Imba sauti ya kwanza, mwache yeye aingie kwenye ya pili. Tafadhali Baba. Mafua ya Bibi yananitia wasiwasi.

Mwanao,
Glory


Magamba
30 Julai 2024

Mwanangu Glory,

Natumaini u mzima. Sisi tuko, tunamshukuru Mungu, goti la mama yako nalo liko. Nimechelewa kujibu. Mwanzoni ni hasira, sitakuficha. Nilisema mtoto niliyemfundisha do re mi ananifundisha mama yangu! Barua yako niliiweka juu ya kabati nikaenda kupalilia.

Jumapili baada ya ibada ukungu ulikuwa umefunga, hata kanisa halionekani kutoka mlangoni. Mama alikuwa anaguna, sauti imekwaruza kwa mafua. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nikangoja afike mwanzo wa kipande chake, nikaingia na sauti ya kwanza, taratibu, s s l s f m f s. Akashtuka. Akanikazia macho. Hakunyamaza, alishikilia upande wake kama zamani, hakuyumba. Tukarudia. Mara ya tatu mama akafungua mdomo, Glory, na yakatoka maneno. "Mlimani nitakaa." Wazi kabisa! Mama yako aliangusha sufuria jikoni, akaja anakimbia na goti lake.

Tukaimba wimbo wote, beti zote nne, nilizosahau akanikumbusha yeye. Sote tunalia. Nikasema moyoni, umeona Glory, mlimani atakaa.

Tulipomaliza nikataka kuinuka nimletee chai. Akanishika mkono wa shati. Akaanza tena, upande wake, nota zile zile nane, lakini maneno hayakuwa ya kitabuni. Aliimba:

"Kuna baridi, mwanangu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaingia na sauti ya kwanza, ili nimsaidie. Akaendelea:

"Nipeleke kwa Clemence."

Mara mbili aliimba hivyo, na ya pili alinitikisa mkono. Nikajaribu kumwuliza kwa maneno ya kawaida, akaniitikia tu kwa kichwa kama siku zote. Nikamwuliza kwa Kishambaa, kimya. Nikaimba swali kwa sauti ya kwanza, "Korogwe unakutaka?" Akanijibu kwa ya pili, "Nakutaka tangu mvua." Sijui imekuwaje. Daktari wa zamu pale hospitali amesema huwa inatokea, mtu kushindwa kusema akaweza kuimba. Wewe uliyesoma utanieleza.

Glory, niliumia. Nakuandikia wazi kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Alikuwa anatetemeka mbele yangu na blanketi mbili, nami nasema mtu wa mlima, mtu wa mlima. Nilitaka abaki kwa sababu mimi nilitaka abaki. Nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikarudi, nikampigia Clemence, nikamwambia lete gari. Hakunicheka. Aliniuliza tu, "Amesema mwenyewe?" Nikasema, "Ameimba mwenyewe." Akasema, "Basi nifundishe hiyo sauti ya kwanza, maana mimi sina nota hata moja." Nikamfundisha kwenye simu mpaka salio likakata.

Jana wameondoka. Tulimfunga khanga na sweta langu, nikambeba mpaka kwenye gari, ni mwepesi mno. Leo asubuhi Clemence amepiga. Anasema mama amekaa uani juani, mikono wazi, amekunywa uji vikombe viwili. Mafua yameanza kukauka. Na kuna wimbo mpya ameutunga wa kuniletea, Clemence akaweka simu karibu. Mtandao ulikuwa mbaya, nikashika kipande kimoja tu: "Sefania usije bado."

Nimecheka, kisha nikakaa jikoni muda mrefu bila kufanya kitu. Nyumba imekuwa kubwa. Mazoezini wiki hii nitawafundisha wimbo wa 31, sauti zote nne, ili akirudi akute tunaujua. Clemence anauliza atarudi lini. Nimemwambia sitakuja kumchukua mpaka aniite mwenyewe.

Baba yako,
Sefania